IBN BATTUTA NA MNARA WA ALEXANDRIA: Kijana aliyeaga nyumbani akarudi baada ya miaka 24

Najua wengi mnasoma hapa mkiwa kafe, dakika zinahesabiwa na mwenye kompyuta keshaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni. Basi siwachoshi na utangulizi mrefu, twende moja kwa moja kwenye stori.

Jina la Ibn Battuta mmelisikia. Sisi tuliosoma historia sekondari tuliandikiwa ubaoni mstari mmoja tu, kwamba alikuwa msafiri Mwarabu, alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifia mji. Tukanakili, tukakariri, mtihani ukapita. Hakuna aliyetuambia kwamba wakati anatoka kwao alikuwa kijana wa miaka 21 tu. Hatukuambiwa kwamba njiani alilia mbele za watu. Na hatukuambiwa kabisa kuhusu mji mmoja wa bandari kule Misri, Alexandria, ambao wazee wetu wa pwani wanauita Iskandaria. Mji huo ndio uliomfanya awe Ibn Battuta tunayemjua. Na miaka mingi baadaye, alipopita tena hapo hapo, aliona kwa macho yake muda wote aliokuwa hayupo ulivyokwenda.

KUTOKA NYUMBANI

Tuanze mwanzo. Jamaa alizaliwa Tangier, Moroko, tarehe 25 Februari 1304. Tangier ni mji wa bandari vilevile, uko pale Bahari ya Mediterania inapokutana na Atlantiki, na siku hewa ikiwa safi unaiona Hispania ng'ambo. Kwa asili alikuwa Mberberi wa kabila la Lawata, na ukoo wake ulikuwa wa makadhi. Kwa hiyo tangu mdogo alisomeshwa dini na sheria za madhehebu ya Maliki. Hakuwa tajiri wa kutisha, ila kichwani alikuwa na elimu, na elimu hiyo itamfaa sana huko mbele, mtaona.

Tarehe 14 Juni 1325 akaondoka kwenda kuhiji Makka. Akaondoka peke yake! Hana mwenzake wa safari, hana msafara, anaaga mama na baba ambao wote walikuwa hai. Yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuachana na wazazi kulimuuma sana na wao pia waliumia. Lakini miguu ilikuwa imeshapata moto.

Akapita Tlemcen, akapita Bejaia, nchi ambayo leo ni Algeria. Njiani homa ikamshika vibaya. Badala ya kukaa chini apumzike, akajifunga kwenye tandiko la mnyama kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke, safari ikaendelea. Alipofika Tunis, watu wa mji wakatoka kuwapokea wasafiri wenzake, huyu anakumbatiana na yule, yule anasalimiana na huyu. Yeye hakuna hata mtu mmoja wa kumpa salaam. Kijana wa watu machozi yakamtoka pale pale. Haji mmoja akaona, akamsogelea, akamsalimia na kukaa naye mpaka alipotulia.

Mnaoniuliza kwa nini nampenda huyu bwana, jibu ni hapo. Msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zile alianza kwa kulia Tunis kwa sababu hakuna aliyemjua. Kama umewahi kushuka Ubungo na begi lako, huna mwenyeji na simu haina salio, unaelewa nasema nini.

Mambo yakabadilika haraka. Mahujaji wa Tunis walipopanga msafara wao walimchagua yeye awe kadhi wao, elimu ya nyumbani ikaanza kulipa. Njiani akaoa binti wa mtu mmoja mkubwa wa Tunis. Akagombana na baba mkwe, ndoa ikavunjika. Akaoa mwingine, binti wa mwanafunzi mmoja wa Fez, akafanya karamu ya harusi ambayo ilisimamisha msafara mzima siku moja. Yote hayo bado hajafika Misri!

ANAINGIA ALEXANDRIA

Tarehe 5 Aprili 1326, karibu miezi 10 tangu atoke kwao, akaingia Alexandria.

Hebu tuutazame mji alioukuta. Aleksanda Mkuu aliuanzisha mwaka 331 KK, kwa hiyo Ibn Battuta anafika tayari ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 1,600. Misri wakati huo ilikuwa chini ya watawala wa Kimamluki, na sultani wao alikuwa al-Nasir Muhammad aliyekaa Cairo. Alexandria ilikuwa mlango wake wa baharini. Pilipili manga na viungo vingine kutoka India vilipanda Bahari ya Shamu, vikavushwa hadi mto Nile, vikateremshwa na maji mpaka karibu na pwani, halafu vikaishia kwenye maghala ya Alexandria. Hapo wafanyabiashara wa Venice na Genoa walikuwa wanavisubiri kwa hamu. Bandari zilikuwa mbili, ya mashariki kwa meli za Wakristo na ya magharibi kwa meli za Waislamu. Kodi ya forodha ilikuwa nono, na sultani alikula vizuri.

Kijana wetu akazunguka mji kama mtalii yeyote. Akahesabu milango minne ya mji, mmojawapo ukiitwa Mlango wa Kijani ambao ulifunguliwa siku ya Ijumaa tu. Akaiona nguzo kubwa ya jiwe jekundu nje ya mji, ambayo wazungu wanaiita nguzo ya Pompey, ingawa ukweli ni kwamba ilisimikwa kwa heshima ya Diocletian, mfalme wa Roma, karibu mwaka 300. Urefu wake ni yapata mita 27. Kwenye kitabu chake kimo kisa cha mpiga mishale aliyewashangaza watu kwa kukaa juu kabisa ya nguzo hiyo. Kumbe alifunga uzi kwenye mshale akaurusha upite juu ya nguzo, kisha akavuta kamba kwa ule uzi, akapanda. Mji mzima ulitoka kuja kushangaa.

Akamwona na kadhi wa mji. Huyu alikuwa na kilemba kikubwa ajabu. Ibn Battuta anasema mashariki na magharibi hajawahi kuona kilemba cha namna ile, na siku aliyomkuta amekaa kwenye mihrabu, kilemba kilikuwa karibu kiijaze mihrabu yote. Khaa!

Lakini kitu ambacho kila mgeni alikwenda kukiangalia Alexandria ni mnara wa taa. Mnara ule ulijengwa karibu mwaka 280 KK, wakati wa mfalme Ptolemy wa pili, ulizidi mita 100 kwenda juu na watu wa kale waliuhesabu katika maajabu saba ya dunia. Meli zilikuwa zinauona kutoka mbali sana baharini. Kwa karne nyingi ulivumilia dhoruba na matetemeko, lakini tetemeko la Agosti 1303 liliutikisa vibaya. Angalieni mwaka huo: ni miezi michache tu kabla Ibn Battuta hajazaliwa. Mnara ulianza kufa kijana akiwa tumboni mwa mama yake.

Mwaka 1326 aliukuta upande mmoja umeshabomoka, ila bado unaingilika. Mlango wake ulikuwa juu sana kutoka ardhini, na mbele yake kulikuwa na jengo jingine lenye kimo sawa na mlango. Kati ya hilo jengo na mlango waliweka mbao za kuvukia, ukiziondoa hakuna mtu anayeingia. Ndani mlikuwa na sehemu ya kukaa mlinzi na vyumba vingi. Akapima kwa mkono, kila upande ukatoka shibiri 140, yaani mita kama 30 na kitu. Akauona, akaridhika, akaendelea na mambo yake.

MZEE KIGURU

Sasa hapa ndipo stori inapogeuka. Kumbukeni mpaka dakika hii kijana anakwenda kuhiji tu. Mpango wake ni Makka, pengine kusoma kidogo kwa masheikh wa Misri na Shamu, halafu arudi Tangier awe kadhi kama baba zake.

Alexandria kulikuwa na mcha Mungu mmoja akiitwa Burhan al-Din, maarufu kwa jina la Kiguru kwa sababu alikuwa akichechemea. Ibn Battuta alikaa kwake siku tatu. Siku moja mzee akamtazama akamwambia anaona anapenda sana kusafiri na kuzunguka nchi za watu. Kijana akakubali. Mzee akampa kazi: akifika India amsalimie ndugu yake fulani, akifika Sindi amsalimie fulani, na akifika China amsalimie Burhan al-Din mwenzake.

India? China? Ibn Battuta anakiri kwamba hadi siku ile nchi za mbali namna hiyo hazikuwahi kumpitia kichwani. Alishangaa. Lakini wazo likaingia na halikutoka tena. Na kwa mujibu wa kitabu chake, wote watatu alikuja kuwaona na salaam za mzee zikafika.

Fikirieni hiyo wadau. Mtu ambaye mguu wake haumruhusu kwenda mbali anamtuma kijana mwenye miguu mizima. Wakati wa kuagana akampa na fedha za njiani. Ibn Battuta hakuzitumia. Alizitunza miaka na miaka, hazikuhitajika, mpaka walipomvamia maharamia katika bahari za India wakazichukua pamoja na mali nyingine.

Kutoka Alexandria akaenda mji wa Fuwwa kumwona mcha Mungu mwingine. Usiku kulikuwa na joto, akalala juu ya dari, akaota amebebwa na ndege mkubwa. Ndege akaruka naye kuelekea Makka, halafu Yemen, halafu mashariki, halafu kusini, mwisho akamtua mbali sana kwenye nchi ya kijani na giza akamwacha huko. Sheikh akamfasiria ndoto kwamba atahiji kisha atazunguka nchi nyingi na India atakaa muda mrefu. Baada ya hapo nani angemrudisha Tangier?

DUNIA NZIMA

Nikianza kutaja kila alikopita mtamaliza muda wenu wa kafe na wa kesho. Kwa kifupi: Cairo, Yerusalemu, Dameski, Makka mwaka huo huo 1326, kisha Iraki, Uajemi, akarudi Makka, akashuka Yemen.

Mwaka 1331 akapanda jahazi kutoka Aden akaja huku kwetu. Mogadishu walimlisha wali wa samli na kitoweo, ndizi zilizopikwa na maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini macho yalikuwa yamefunguka. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na mlangoni pa kila msikiti kisima na kata ya mti yenye mpini. Watu walitembea pekupeku, wakinawa miguu kabla ya kuingia na kujifuta kwenye kipande cha mkeka. Aliona migomba, milimau na tunda linalofanana na zeituni lakini tamu sana, ambalo kwa jinsi anavyolieleza ni zambarau zetu hizi hizi. Kilwa aliihesabu kati ya miji mizuri, na akamsimulia sultani wake, Abu al-Muzaffar Hasan, mtu mkarimu aliyempa maskini mmoja wa Yemen nguo alizokuwa amevaa mwenyewe. Akaandika pia neno Sawahil, na mpaka leo sisi ni Waswahili.

Lakini kuna kitu kilinichoma kidogo. Alipokuja kutaja bandari zote kubwa za dunia alizoziona, alizitaja tano: Alexandria, Kollam na Calicut za India, Sudak ya Krimea, na Zaitun ya China. Kilwa na Mombasa hamna! Haya, tumesamehe. Alexandria yeye ndiyo aliyoanza nayo, na bandari nyingine zote alizipima kwa hiyo.

Kutoka kwetu akapanda Anatolia, yaani Uturuki ya leo, akavuka hadi nchi za Wamongolia, akafika Konstantinopoli, akapita Asia ya Kati, na mwaka 1333 akaingia India. Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq alikuwa anatafuta wasomi wa kigeni na anawalipa vizuri mno. Mtoto wa Tangier akawa kadhi wa Delhi. Sultani huyo huyo alikuwa mkono mmoja anatoa zawadi, mkono wa pili anaua, na Ibn Battuta mwenyewe kuna wakati aliwekewa walinzi akadhani zake zimefika. Mwaka 1341 akatumwa balozi kwenda China na zawadi za kifalme. Dhoruba pale Calicut ikavunja meli, zawadi zikaenda na maji. Akaogopa kurudi Delhi, akaenda Maldives akawa kadhi huko, akaoa wanawake wanne kwa mpigo. Akapanda mlima wa Adam kule Sri Lanka, na mwisho akafika Zaitun, China. Mzee Kiguru alikuwa kasema kweli.

Tusimfanye malaika lakini. Alioa na kuacha kila mji, alinunua watumwa wa kike na wa kiume na kusafiri nao kama mizigo, na hilo linaandikwa kwenye kitabu chake bila hata aibu. Kuna na wanahistoria wanaotilia shaka baadhi ya sehemu anazosema alifika. Hayo nayo ni sehemu ya maisha yake na lazima yasemwe.

KURUDI

Mwaka 1348 alikuwa Dameski. Mji huu aliupita mwaka 1326 na aliacha mke mjamzito. Akiwa India alipata habari kwamba amezaliwa mtoto wa kiume, akamtumia babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Sasa miaka zaidi ya 20 imepita, anarudi, jambo la kwanza ni kuuliza habari za mwanawe. Akaambiwa mtoto alikufa miaka 12 iliyopita. Akakutana na msomi mmoja wa kutoka Tangier, akamuuliza habari za nyumbani. Akaambiwa baba yake amekufa miaka 15 iliyopita, mama bado yu hai.

Mama bado yu hai. Shikeni hapo.

Mwaka ule ule tauni kubwa ilikuwa inapita, ile iliyoua watu Asia, Ulaya na Afrika Kaskazini kwa mamilioni. Dameski aliona Waislamu, Wayahudi na Wakristo wakitembea pamoja kuomba, kila mmoja na kitabu chake. Akashuka Misri, akaingia tena Alexandria. Tauni ilikuwa inapungua, lakini aliambiwa ilifika mahali watu 1,080 wanakufa kwa siku moja. Mji aliozunguka akihesabu milango akiwa kijana wa miaka 22 sasa ulikuwa unahesabu maiti.

Akaenda kuhiji mara nyingine, na mwaka 1349 akiwa njiani kurudi kwao akaenda kuuangalia ule mnara. Umekwisha. Haukuwa unaingilika tena, hata kuufikia mlango haikuwezekana. Sultani al-Nasir Muhammad alikuwa ameanza kujenga mwingine kama huo pembeni yake, akafa mwaka 1341 kabla ya kuumaliza. Kwa hiyo palikuwa na gofu la zamani, na kando yake jengo jipya ambalo halikuisha.

Ibn Battuta anaandika hayo kwa maneno machache sana, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Hasemi alijisikiaje. Lakini mimi nikisoma pale huwa nasimama. Alikuwa na miaka 45. Ile mbao ya kuvukia kwenda mlangoni haikuwepo tena, fedha za mzee Kiguru zilikuwa zimeibiwa, baba alikuwa kaburini, na mtoto asiyewahi kumwona naye kaburini. Kitu kimoja kilichobaki cha kukimbilia ni mama.

Akapanda jahazi dogo kurudi magharibi, akashuka Jerba, akapita Tunis, akaendelea. Alipofika Taza, ndani ya Moroko, siku chache tu kutoka nyumbani, akapewa habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Mwezi wa Novemba 1349 aliingia Fez, na baadaye akaenda Tangier kuzuru kaburi.

KITABU

Miguu haikutulia hata hapo. Mwaka 1350 alivuka kwenda Andalusia, na mwaka 1352 akakata jangwa la Sahara kwenda dola ya Mali. Aliporudi, Sultani Abu Inan wa Fez akaagiza safari zake ziandikwe. Mwandishi akapewa, anaitwa Ibn Juzayy, Ibn Battuta akawa anasimulia na mwenzake anaandika na kupamba. Walimaliza mwaka 1355. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba alisafiri kilomita kama 117,000, wakati ambapo hakuna injini ya aina yoyote. Baada ya hapo akawa kadhi wa mji mmoja huko huko Moroko, kazi ile ile aliyotazamiwa kuifanya tangu azaliwe. Wengi wanasema alifariki mwaka 1368 au 1369.

Kitabu chake kilikaa karne nyingi bila kujulikana Ulaya. Wafaransa wawili walikichapisha Paris kati ya 1853 na 1858, na hapo dunia ikamfahamu. Leo uwanja wa ndege wa Tangier una jina lake, Dubai kuna duka kubwa la jina lake lililofunguliwa mwaka 2005, na hata mwezini kuna shimo linaitwa Ibn Battuta.

Na Alexandria? Bado ipo, mji wa mamilioni ya watu. Mahali pa mnara, Sultani Qaitbay alijenga ngome kati ya 1477 na 1479, na mpaka leo unaingia kuiangalia. Chini ya maji mbele ya ngome, wazamiaji walianza mwaka 1994 kuchunguza mawe makubwa, mengine yakiwa ya mnara wenyewe. Ile nguzo ya mpiga mishale imesimama vilevile. Mwaka 2002 ikafunguliwa maktaba mpya kubwa ufukweni, kukumbuka ile ya kale iliyopotea. Ukibahatika kufika, simama pale ngomeni jioni uangalie bahari. Hapo ndipo alipoangalia yeye.

NENO LA MWISHO

Nimeandika haya kwa sababu najua nusu ya wanaokaa kafe wanatafuta njia ya kutoka. Mwingine anajaza fomu za chuo cha nje, mwingine anatafuta mchumba wa Ulaya, mwingine anauliza bei ya kuzamia meli. Sina ubavu wa kumwambia mtu asiende. Ibn Battuta angebaki Tangier, tusingejua Kilwa ilivyokuwa, wala misikiti ya Mombasa na zile kata mlangoni.

Ila nina mjomba aliyeondoka na meli miaka ya tisini. Bibi alikuwa akisikia lango linagonga usiku anamtaja yeye. Bibi amekufa, mjomba tumepata namba yake baadaye kwa kubahatisha. Alipopiga simu aliuliza kwanza habari za bibi, na mimi ndiye niliyepokea. Tangu siku hiyo nikisoma habari za Taza naelewa zaidi.

Kwa hiyo wewe unayeondoka, nenda na ujuzi kichwani kama yeye alivyokwenda na sheria yake, maana ndio uliomlisha kuanzia Tunis mpaka Maldives. Na ukifika, piga simu nyumbani. Ibn Battuta hakuwa na simu. Wewe unayo, na dakika za kafe bado zimebaki mbili tatu.

Mwenye la kuongeza au kusahihisha aandike hapo chini, hasa aliyewahi kufika Alexandria atupe picha kamili. Na kama una ndugu aliyeondoka zamani akarudi, tuambie alikuta nini.

Tuko pamoja.